Mungu, Imana na Kitenzi "Kuwa": Msingi wa Theolojia Ulivyohojiwa Kando ya Ziwa Kivu

Nyamyumba ni sekta ya wilaya ya Rubavu, kusini kidogo mwa mji wa Gisenyi, pale ambapo milima ya Rwanda inateremka hadi Ziwa Kivu. Wageni huijua kwa chemchemi zake za maji moto na kwa kiwanda cha bia. Wavuvi wake hukutana majini na wavuvi wa Kongo, na mara nyingi lugha inayowawezesha kuelewana ni Kiswahili. Lakini mtu wa Nyamyumba anaposali kwa Kinyarwanda humwita Muumba wake Imana, ilhali jirani yake wa Goma, ng'ambo ya mpaka, humwita Mungu. Leo tofauti hiyo inaonekana ya kawaida, kama tofauti ya amazi na maji. Haikuwa hivyo siku zote. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 Wakatoliki wa Rwanda walifundishwa dini kwa katekisimu ambamo Muumba aliitwa Mungu, neno la Kiswahili lililopachikwa ndani ya sentensi za Kinyarwanda, wakati jina Imana liliendelea kutajwa kila siku nyumbani, shambani na katika majina ya watoto.

Watu wa fani yangu hupenda kuitaja habari hii kama ushahidi wa kuenea kwa Kiswahili. Kwa maoni yangu ni ushahidi wa jambo zito zaidi. Aliyeamua kwamba Imana si jina linalofaa alikuwa amekwisha kujibu, pengine bila kujua, swali la kifalsafa: je, akili ya mwanadamu inaweza kumfikia Mungu kabla ya kuhubiriwa, na ikimfikia, inamfikia kwa lugha ipi? Swali hilo limo katika msingi wa theolojia yote ya Kikristo. Hapa Rubavu lilijibiwa mara mbili, na majibu hayakufanana.

Mapadri Weupe, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, waliingia Rwanda mwaka 1900 na kuanzisha misheni yao ya kwanza huko Save, kusini mwa nchi. Mwaka uliofuata, 1901, walifungua misheni ya Nyundo, juu ya bonde la mto Sebeya, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Kivu. Hawakuja mikono mitupu. Walikuwa wametokea upande wa Ziwa Viktoria wakiwa na makatekista Waganda, na walikuwa wakitumia Kiswahili, lugha ya utawala wa Wajerumani na ya misafara. Huko Buganda walikuwa wamelikubali jina la kienyeji Katonda bila taabu kubwa. Walipofika Rwanda walisita.

Kusita kwao kulikuwa na sababu, nasi tusiwafanyie dhuluma kwa kuwachukulia kama watu wasiosikia. Neno imana katika Kinyarwanda lilikuwa na maana pana. Lilimtaja Muumba, ambaye pia aliitwa Rurema, yaani mwenye kuumba, na Rugaba, yaani mwenye kugawa. Lakini lilitaja vilevile bahati njema, na lilitaja mnyama aliyetumiwa katika uaguzi, kama vile kifaranga au kondoo ambaye matumbo yake yalisomwa na mpiga ramli. Mmisionari aliyesikia neno lile lile likitumika kwa Muumba wa mbingu na kwa kifaranga cha ramli aliingiwa na hofu ya kuchanganya ibada mbili. Alitafuta neno lisilo na vumbi, na Mungu, neno geni masikioni mwa Wanyarwanda, lilionekana safi.

Hapo ndipo mwanahistoria wa lugha anapotabasamu. Mungu lilikuwa geni nchini Rwanda, lakini safi halikuwa. Linatokana na ukoo mmoja na Mulungu, jina linalopatikana katika lugha nyingi za Kibantu za mashariki, na miongoni mwa Wayao wa karne ya 19 wageni waliandika kwamba Mulungu lilihusiana pia na roho za waliokufa. Pwani, kwa karne nyingi kabla ya kanisa la kwanza la Mapadri Weupe kujengwa, Waislamu walikuwa wamelitumia neno hilo kumtaja Mwenyezi Mungu wa Kurani. Basi jina lililoletwa Nyundo likidhaniwa kuwa halina historia lilikuwa limepita kwenye mizimu, misikiti na misafara. Pamoja nalo yalikuja maneno mengine; hadi leo Mkatoliki wa Rwanda humwita Roho Mtakatifu Roho Mutagatifu, na roho ni neno lililotoka katika Kiarabu.

Wakati huohuo majina ya watu yalikuwa yakitoa fundisho jingine. Hakizimana ni jina linalosema kwamba Imana ndiye anayeponya au kuokoa. Harerimana husema kwamba Imana ndiye anayelea. Hategekimana husema kwamba Imana ndiye anayetawala. Lipo pia Habimana, ambalo husema kwa ufupi kabisa kwamba Imana yupo. Msomaji alikumbuke jina hili la mwisho, kwa kuwa tutalirudia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba mtoto aliyepelekwa kubatizwa akiwa na jina kama hilo alikuwa amebeba katika jina lake kauli nzima kuhusu Muumba, kisha akafundishwa kwamba Muumba anaitwa vingine.

Waprotestanti wa misheni ya Bethel, Wajerumani waliofika mwaka 1907, walichukua njia nyingine. Wao walilitumia jina Imana. Kwa hiyo kwa muda mrefu Wanyarwanda wa mlima mmoja waliweza kumsikia Muumba akihubiriwa kwa majina mawili.

Ili kuona uzito wa uchaguzi huo yafaa turudi nyuma, kwenye bahari nyingine. Wakristo wa kwanza walikuwa na tatizo hilohilo. Neno la Kigiriki theos lilikuwa na vumbi kuliko imana. Lilitumika kwa Zeus na kwa miungu yote iliyozini na kupigana katika hadithi za Wagiriki. Hata hivyo Wayahudi wa Aleksandria, waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki karne kadhaa kabla ya hapo, hawakuagiza neno kutoka nchi ya mbali. Walilichukua theos wakaliosha kwa matumizi. Walifanya pia jambo lililokuwa na matokeo makubwa zaidi. Katika kitabu cha Kutoka, Musa anapouliza jina la anayemtuma, jibu la Kiebrania ni fumbo lenye kitenzi kinachoweza kueleweka kwa namna kadhaa. Watafsiri wa Kigiriki walilifanya jibu hilo kuwa maneno yenye maana ya "Yule Aliye", kwa kutumia umbo la kitenzi "kuwa" ambalo wanafalsafa walikuwa wamekwisha kulifanya istilahi yao.

Kuanzia hapo mlango ulikuwa wazi. Ikiwa jina la Mungu ni "Yule Aliye", basi Plato na Aristotle, waliokuwa wameuliza "kuwa" ni nini, walikuwa wakiuliza habari za Mungu bila kujua. Justino Mfiadini, katika karne ya 2, alidai kwamba mbegu za Neno la Mungu zilikuwa zimetawanywa hata kwa wanafalsafa wapagani. Mwaka 325, maaskofu waliokutana Nisea walipotaka kueleza jinsi Mwana alivyo Mungu sawasawa na Baba, walitumia neno homoousios, ambalo halimo katika Biblia. Shina lake ni ousia, nomino iliyotokana na kitenzi "kuwa". Katika karne ya 13 Tomaso wa Akwino alilikamilisha jengo hilo kwa kusema kwamba Mungu si kitu kimoja miongoni mwa vitu vilivyopo, bali ni kuwapo kwenyewe. Mwaka 1879 Papa Leo XIII aliagiza kwamba falsafa ya Tomaso iwe msingi wa mafunzo ya mapadri. Kijana wa Kinyarwanda aliyeingia seminari kuu, iliyohamia Nyakibanda mwaka 1936, aliipokea falsafa hiyo kwa Kilatini kama mtu anayekabidhiwa nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Naomba nitoke kidogo Rwanda niseme neno kuhusu lugha yetu. Wakatoliki wa Tanzania, katika Kanuni ya Imani, hulieleza lile neno zito la Nisea kwa nomino umungu. Tazama kilichotendeka. Mgiriki alijenga dhana yake juu ya kitenzi "kuwa". Mlatini alitafuta picha ya kitu kinachosimama chini ya sifa zake, akapata neno substantia. Mswahili hakugusa kitenzi chochote. Alichukua jina la Mungu akalitanguliza kiambishi u-, kile kinachotoa utu katika mtu na udugu katika ndugu. Fundisho ni lilelile, ila msingi linapokalia umebadilika, na sijaona kwamba imani ya mtu yeyote ilianguka kwa sababu hiyo.

Aliyeyageuza mambo haya kuwa falsafa iliyoandikwa alikuwa padri Alexis Kagame. Alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, akapata upadri mwaka 1941, akawa mshairi, mwanahistoria wa ufalme wa Rwanda na mhariri wa gazeti Kinyamateka. Mwaka 1952, baada ya kuchapisha kitabu kuhusu taasisi za kisiasa za Rwanda ya kabla ya ukoloni, alipelekwa Roma kusoma. Inaeleweka kwamba watawala wa kikoloni hawakusikitika kumwona akiondoka. Huko, katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, aliandika tasnifu ya falsafa iliyochapishwa Brussels mwaka 1956 kwa jina La philosophie bantu-rwandaise de l'être, yaani falsafa ya Kibantu ya Rwanda kuhusu kuwa.

Kagame hakuwa wa kwanza kudai kwamba Wabantu wana falsafa. Mwaka 1945 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba wa Katanga, alikuwa ametoa kitabu kilichosema kwamba kwa Mbantu kuwa ni nguvu: kila kilichopo ni nguvu inayoongezeka au kupungua. Kitabu hicho kilisomwa sana na kusifiwa sana. Kagame hakuridhika nacho. Tempels alikuwa amewasikiliza watu kisha akasema kwa niaba yao kile ambacho, kwa maelezo yake, wao wenyewe wasingeweza kukisema. Kagame alitaka ushahidi ambao mtu yeyote angeweza kuukagua, akaupata katika sarufi.

Hoja yake, ikiondolewa vazi la Kifaransa, inaeleweka kwa urahisi na msemaji wa Kiswahili. Chukua shina -ntu. Katika Kinyarwanda linatoa maneno manne. Umuntu ni kiumbe mwenye akili. Ikintu ni kiumbe kisicho na akili, awe mnyama, mti au jiwe. Ahantu ni mahali, na Kagame alionyesha kwamba humo pia umo wakati. Ukuntu ni namna: jinsi kitu kilivyo, kiasi chake, uhusiano wake, hali yake. Aristotle alikuwa amehesabu aina kumi za kuwa. Kagame aliziweka zote ndani ya hizi nne, na akasema kwamba hakuna kilichoumbwa ambacho hakina nafasi humo.

Mswahili ataona kwamba kwetu jozi imepungua. Tunaye mtu, tunacho kitu, lakini ahantu tumempokea badala yake mahali, neno la Kiarabu, na ukuntu tunasema namna au jinsi, ambayo nayo si ya asili yetu. Hata hivyo mahali limelazimika kuvaa viambishi vya Kibantu: mahali pazuri, mahali hapa. Tena ile hoja ya mahali na wakati kukaa pamoja tunayo kinywani kila siku. Nikisema "nilipomkuta", kiambishi -po- chaweza kumaanisha pale nilipomkuta au wakati nilipomkuta, na msikilizaji huamua kwa muktadha. Mwalimu huifundisha kanuni hii kwa dakika kumi na kwenda zake. Kagame alikaa juu yake akauliza inasema nini kuhusu ulimwengu.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile ya kitenzi "kuwa". Kagame alionyesha kwamba katika lugha za Kibantu kitenzi hiki hakisimami peke yake. Mnyarwanda aweza kusema ndi umwarimu, mimi ni mwalimu, au ndi i Nyamyumba, niko Nyamyumba. Akisema ndi na kunyamaza, msikilizaji atasubiri. Wewe ni nani? Uko wapi? Ili aseme kwamba yupo, lazima aongeze alama ya mahali: ndiho. Kwa hiyo kauli maarufu ya Descartes, kwamba anafikiri na kwa hiyo yupo, haiwezi kuingia katika Kinyarwanda ikiwa na "kuwa" tupu kama ilivyo katika Kilatini. Lazima ipate mahali pa kukanyaga. Kiswahili kiko vivyo hivyo: tunasema yupo, yuko, yumo, na kila mara tumetaja mahali. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walipofika kwenye jibu lile alilopewa Musa iliwabidi kutumia kiambishi -ko, cha mahali, kwa yule asiyekuwa na mahali.

Sasa turudi kwa Habimana. Silabi yake ya kwanza, ha-, ni alama hiyohiyo ya mahali. Jina hilo halisemi kwamba Imana "ni", bali kwamba Imana yupo, pana Imana. Kile ambacho theolojia ya Kigiriki ilisema kwa kitenzi kilichovuliwa kila kitu, mzazi wa Kinyarwanda alikisema kwa kiambishi cha mahali katika jina la mtoto wake.

Je, Imana yumo katika makundi manne ya -ntu? Kagame alijibu kwamba hayumo. Yeye ndiye anayeweka viumbe katika kuwapo, na kwa hiyo hawezi kuwa mmoja wao. Wanyarwanda humwita pia Iyakare, yule wa tangu kale. Hapa Kagame alikuwa mwanafunzi mtiifu kuliko wakosoaji wake wanavyokiri. Tomaso wa Akwino alikuwa amefundisha kwamba Mungu hawekwi katika jinsi yoyote ya vitu. Kagame alifika mahali hapohapo kwa njia ya Kinyarwanda, na maana yake kwa theolojia ilikuwa kubwa: ikiwa hivyo ndivyo, basi Imana lilikuwa jina la Muumba kweli, na hofu ya kifaranga cha ramli ilikuwa imetupa nje jina ambalo lilikuwa tayari limebeba kile ambacho seminari ilikifundisha kwa Kilatini.

Mwaka 1952, mwaka ule ule Kagame alipokwenda Roma, Nyundo ilipata vikariati yake, na Aloys Bigirumwami akawekwa wakfu kuwa askofu wake, Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika nchi zilizokuwa chini ya Ubelgiji. Bigirumwami hakuwa mwanafalsafa wa shule. Kazi yake ilikuwa kukusanya: methali, hadithi, mila na miiko ya Wanyarwanda, juzuu baada ya juzuu. Mwaka 1954 alianzisha Hobe, gazeti la watoto kwa Kinyarwanda. Ng'ambo ya kusini ya ziwa, Vincent Mulago, padri wa Bushi karibu na Bukavu, alikuwa akiandika kuhusu umoja wa uhai unaowaunganisha walio hai, waliokufa na Muumba, akiwalinganisha Washi, Wanyarwanda na Warundi. Ukanda huu mmoja wa Ziwa Kivu ulikuwa na wanatheolojia waliouliza msingi wa imani yao ni nini, wakati ambapo vyuo vingi vya Afrika Mashariki vilikuwa bado havijafunguliwa. Leo misa ya Kinyarwanda humtaja Imana, na vijana wengi hawajui kwamba liliwahi kuwa jambo la kubishaniwa.

Lakini hoja ya sarufi ina nyufa, na si haki kumficha msomaji. Okot p'Bitek wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika katika maandishi ya wasomi wa Magharibi, alieleza jinsi wamisionari wa Kiitaliano, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Acholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, kwa hiyo swali likawa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee, baada ya kusumbuliwa, walimtaja Rubanga, roho ambayo huwakunja watu migongo wakawa na vibyongo. Wamisionari waliandika jina hilo, na Rubanga akawa Mungu wa katekisimu. Okot hakuwacheka wazee. Alikuwa akisema kwamba wasomi, wakiwemo mapadri Waafrika, walivisha miungu ya Kiafrika nguo za Kigiriki kisha wakashangilia kuwaona wamefanana na Mungu wa Aristotle. Kiswahili nacho kisijitenge na kisa hiki, maana kuumba kwetu ni kazi ya mfinyanzi.

Paulin Hountondji wa Benin, katika miaka ya 1970, alikwenda mbali zaidi. Falsafa, alisema, ni hoja ambayo mtu fulani ameitoa kwa jina lake na kukubali kubishiwa. Haiwezi kuwa mali ya watu wote bila wao kuijua, imelala katika viambishi vyao. Mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1958 kwamba hata zile aina kumi za Aristotle zinafuata sarufi ya Kigiriki. Hoja hiyo inakata pande mbili. Inampunguza Aristotle, kwa kuwa alichokidhani kuwa ramani ya vitu vyote kilikuwa kwa sehemu ramani ya lugha yake. Inampunguza pia Kagame, kwa kuwa ramani ya lugha haitoshi kuthibitisha kwamba ulimwengu uko hivyo.

Naongeza ufa mwingine, ambao mwalimu wa ngeli hawezi kuukwepa. Imana haimo katika ngeli ya umuntu. Upatanisho wake ni wa ngeli ya i-, kama unavyosikika katika methali isemayo Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda, kwamba Imana hushinda kwingine na kurudi kulala Rwanda. Mtu angeweza kufurahia: tazama, hata sarufi inamtenga na viumbe wenye akili! Lakini katika ngeli hiyohiyo wamo inka, ng'ombe, na imbwa, mbwa. Humo pia limo inyenzi, mende.

Neno hilo linahitaji kutajwa hapa, hasa kwa kuwa tunazungumza habari za Rubavu. Lilitumika tangu miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa Kitutsi waliotoka uhamishoni, na katika miaka ya 1990 gazeti la Kangura na redio ya RTLM waliligeuza kuwa jina la Watutsi wote. Mhariri wa Kangura, mwenyeji wa Gisenyi, alitiwa hatiani mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda huko Arusha. Aprili 1994, watu waliokimbilia Nyundo, katika seminari ndogo na katika kanisa kuu, waliuawa humo, na mapadri wengi wa jimbo hilo waliuawa mwaka huo. Waliowaua walizungumza lugha ileile ambayo Kagame aliisoma kama kitabu cha falsafa. Walijua umuntu ni nini na ikintu ni nini. Walifanya jambo ambalo sarufi hairuhusu na wala haizuii: waliwahamisha watu kutoka kundi moja kwenda jingine, na lugha ikaendelea kufanya kazi kama kawaida, na viambishi vyake vyote vikiwa sawa.

Kagame alikuwa amefariki mwaka 1981, huko Nairobi. Hakuona. Siamini kwamba yaliyotokea yanakanusha kitabu chake, kama vile mauaji yaliyotendwa na Wazungu Wakristo hayakanushi Tomaso. Lakini yanabadilisha swali tunalokwenda nalo kwake. Kagame alimfafanua umuntu kwa ubwenge, yaani akili, kama Aristotle alivyofanya na kama Tomaso alivyopokea. Ufafanuzi huo una nguvu katika kutofautisha mtu na jiwe. Ni mnyonge mbele ya anayesema kwamba mtu fulani hayumo katika hesabu, kwa kuwa unaanza na orodha ya sifa, na mwenye orodha ndiye anayeamua nani amezitimiza. Theolojia ya Kigiriki ilikuwa na udhaifu huohuo. Iliweza kueleza kwa usahihi wa ajabu Mwana na Baba wana ousia moja, na wenye kuikiri imani hiyo wakamiliki watumwa kwa karne nyingi.

Ndiyo maana nimekuja kuthamini, kuliko nilivyotarajia, kitabu cha yule askofu asiyekuwa mwanafalsafa. Bigirumwami alikipa mkusanyo wake kuhusu dini ya Wanyarwanda jina Imana y'abantu, abantu b'Imana: Mungu wa watu, watu wa Mungu, na akaongeza Imana mu bantu, abantu mu Mana, Mungu ndani ya watu, watu ndani ya Mungu. Hakuna kitenzi "kuwa" katika jina hilo, wala nomino ya akili. Kuna -a unganifu na kuna kiambishi cha mahali, mu, vitu viwili vidogo ambavyo mwanafunzi hujifunza mwaka wa kwanza. Kagame alikuwa ameuliza mtu ni nini. Jina la kitabu kilichoandikwa Nyundo linauliza mtu ni wa nani, na yumo wapi.